Vali ya Hewa ya Pampu ya Stelingi kwenye Pikapu za Zamani: Ipi Ununue, na Lini Uizibe Tu

Pikapu ya zamani ya petroli ikianza kutoa moshi mweupe mzito kwenye eksozi, huku mafuta ya stelingi yakipungua kwenye kikopo chake bila tone kuonekana chini ya gari, mwenye gari huambiwa mapema mno kwamba ringi za pistoni zimekwisha au gasketi ya silinda hedi imeungua. Kabla ya kukubali injini ifunguliwe, inafaa kukitazama kipuri kimoja kidogo kilichofungwa kwa thredi kwenye pampu ya stelingi, chenye midomo miwili iliyochomekwa mipira myembamba. Hiyo ndiyo vali ya hewa inayozuia injini isizime unapokata usukani gari likiwa limesimama. Ikivuja kwa ndani, injini huyavuta mafuta ya stelingi na kuyachoma pamoja na petroli, na hakuna ovahaoli itakayoondoa moshi huo.

Usukani unapozungushwa hadi karibu na mwisho wake, shinikizo la mafuta ndani ya pampu hupanda na pampu huwa mzigo kwa injini, ambayo wakati huo iko kwenye mzunguko wa chini wa takriban 700 hadi 800 kwa dakika. Shinikizo hilo hilo husukuma kipini kilichomo ndani ya vali, njia ya hewa hufunguka, na hewa hupita kutoka upande wa kabla ya throto, yaani mlango wa hewa unaofunguliwa na pedali ya mafuta, hadi kwenye manifoldi, yaani mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda, bila kupitia throto yenyewe, kwa hiyo mzunguko hauanguki. Kinachotenganisha mafuta na njia ya hewa ni sili tu, yaani kizibo cha mpira. Ikikauka na kuchakaa, mvuto wa manifoldi hufanya kazi saa zote injini inapowaka, na mafuta hupanda kwenye mpira mwembamba hadi kwenye silinda.

Mpangilio huu umeenea sana kwenye magari ya Toyota ya petroli ya miaka ya 1980 na 1990, zikiwemo pikapu za Hilux zenye injini ya lita 2.4 aina ya 22R-E. Pikapu nyingine za umri huo hutumia swichi ya shinikizo inayopeleka taarifa kwenye kompyuta ya injini. Hiyo utaitambua kwa sababu ina soketi ya nyaya badala ya mipira, na yanayoelezwa hapa hayaihusu. Magari ya dizeli nayo yana mipangilio yao.

Usinunue chochote kabla ya kupima, na upimaji wenyewe hauhitaji kifaa zaidi ya koleo na kitambaa cheupe. Chomoa mpira unaotoka kwenye vali kwenda kwenye manifoldi, kisha uufute ndani kwa kitambaa. Njia hii ni ya hewa, kwa hiyo unyevu mwekundu wa ATF, yaani mafuta ya gia za otomatiki ambayo hutumika pia kwenye stelingi, ni ushahidi tosha, ingawa ukungu mweusi kidogo unaotokana na mvuke wa injini ni wa kawaida na haupaswi kukutisha. Ili kujua kama vali bado inafanya kazi yake, pasha injini moto, zima kiyoyozi, zungusha usukani hadi mwisho, kisha ubane mpira wa hewa kwa koleo: mzunguko ukishuka unapobana na kupanda unapoachia, vali inafunguka inavyotakiwa. Usiushikilie usukani mwishoni kwa zaidi ya sekunde 10, kwa kuwa mafuta hupata moto haraka sana katika hali hiyo. Iko pia vali ambayo haivuji mafuta lakini imekwama wazi. Hiyo hujulikana kwa injini kuunguruma juu muda wote, na mzunguko hushuka ukiubana mpira hata usukani ukiwa umenyooka.

Chaguo la kwanza, na ambalo ningempendekezea mtu bila kusita, ni vali mpya ya mtengenezaji wa gari. Sababu si jina lililoandikwa kwenye boksi. Vali hii haifunguliwi wala haina vipuri vya ndani vya kubadilisha, kwa hiyo unachonunua hasa ni ubora wa sili usioweza kuuona kwa macho. Zaidi ya hapo, injini kama 22R-E haina kompyuta inayorekebisha mzunguko wa chini kila mzigo unapobadilika. Ukiiondolea vali, hakuna kitu kingine kitakachochukua nafasi yake. Gari lenye gia za otomatiki, lenye matairi mapana kuliko yale ya awali, au linalokata kona nyingi kwa mwendo wa polepole litaonyesha tofauti siku hiyo hiyo. Unapoagiza, tumia namba ya fremu ya gari na usitegemee mwaka peke yake. Kwa Toyota, namba za vali hizi huanza na 17630, lakini tarakimu zinazofuata hutofautiana, na vali mbili zinazofanana kabisa zikiwa mezani zinaweza kutofautiana kwa mwelekeo wa midomo, jambo linalofanya mpira ukunjike au uguse eksozi. Hakikisha sili ya kukalia kwenye pampu imo kwenye pakiti. Nunua pia mipira miwili mipya inayostahimili mafuta, kwa maana ile ya zamani iliyolowa ATF huwa imevimba na kulainika, na kuifunga tena kwenye vali mpya ni kujitafutia uvujaji wa hewa.

La pili ni kuondoa vali kabisa na kuziba tundu lake kwenye pampu kwa boliti ya chuma. Wapo mafundi watakaoshangaa kuona nimeliweka mbele ya vali za bei nafuu, lakini boliti haina sili ya ndani ya kuchakaa, na ikifungwa vizuri huvuka umri wa pampu yenyewe. Linafaa hasa kwa gari la gia za mkono lenye injini imara, na kwa injini ambayo kompyuta yake inadhibiti mzunguko wa chini na kuongeza hewa yenyewe mzigo unapoingia. Kwa injini isiyo na udhibiti huo, dereva atalazimika kugusa pedali ya mafuta kidogo anapoegesha. Baadhi ya watu huinua mzunguko kwa skrubu ya throto ili kufidia. Ongezeko dogo halina neno, ila ukizidisha, petroli inapotea na gari la otomatiki huruka mbele unapoingiza gia.

Kazi hii ya boliti inadai uangalifu kuliko inavyoonekana, kwani shinikizo la pampu ya stelingi usukani ukiwa mwishoni linaweza kuzidi kilo 60 kwa kila sentimita mraba. Fungua vali ya zamani uende nayo unakonunua boliti. Tafuta nati inayoingia kwa mkono kwenye thredi za vali kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kukaza, halafu jaribu boliti kwenye nati hiyo hiyo. Ikiingia kwa ulaini uleule, umepata kipimo. Nati ikikwama baada ya mizunguko miwili, hatua za thredi ni tofauti, na ukilazimisha utaharibu mwili wa pampu. Urefu wa sehemu yenye thredi usizidi ule wa vali, kwa sababu boliti ndefu itagota ndani kabla kichwa chake hakijakaa kwenye washa, na hapo utadhani imekaza kumbe haijaziba kitu. Tumia washa mpya ya shaba au alumini. Utepe mweupe wa mafundi bomba usiutumie hapa: vipande vyake hukatika na kusafiri na mafuta hadi kwenye boksi ya stelingi, ambako njia ni nyembamba. Baada ya hapo ziba midomo yote miwili iliyokuwa ikipokea mipira, ule wa manifoldi na ule wa upande wa chujio la hewa. Wa manifoldi ukiachwa wazi, injini itavuta hewa isiyopimwa na mita ya hewa na mzunguko wake utapanda au kuyumba. Ule mwingine ukiachwa wazi, vumbi litaingia ndani bila kuchujwa.

Vali mpya isiyo ya mtengenezaji inashika nafasi ya tatu. Zipo nzuri, hasa za kampuni zinazotengeneza vipuri vya haidroliki kwa ujumla, na zipo ambazo sili zake huachia mapema, ukarudi ulikotoka. Kwa kuwa haifunguliki, ukaguzi wa dukani ni mfupi: thredi ziwe safi zisizo na mabaki ya chuma, midomo iwe imara isiyocheza, na ukipuliza kwa mdomo upande mmoja hewa isipite, maana vali isiyo na shinikizo inapaswa kuwa imefungwa. Muuzaji asipokuruhusu kupuliza, achana naye. Ningeichagua vali ya namna hii pale tu ya mtengenezaji inapokosekana na gari halivumiliki bila vali.

Kuziba mipira peke yake na kuiacha vali mahali pake ni chaguo la nne, na kwa kweli ni dawa ya kukufikisha nyumbani. Watu wengi huingiza boliti ndogo kwenye mpira wa manifoldi, wakafunga klipu, na moshi ukapungua. Wakaona kazi imekwisha. Tatizo ni kwamba mvuto umeondoka lakini sili bado imetoboka, na mafuta yenye shinikizo yataendelea kutafuta njia. Kofia za mpira zilizochomekwa kwenye midomo ya vali husukumwa zikachomoka, na mafuta yakiruka juu ya manifoldi ya eksozi yenye joto kali yanaweza kushika moto. Ikibidi ufanye hivyo kwa dharura, ziba upande wa manifoldi, unganisha midomo ya vali kwa kipande kimoja cha mpira unaostahimili mafuta chenye klipu pande zote mbili, na ukague kikopo cha mafuta kila unaposimama.

Vali ya mtumba naiweka mwisho. Kipuri kinachokufa kwa sababu ya umri wa sili yake hakipati ujana kwa kuhamishwa kutoka gari lililokatwa, na ukiipuliza hutajua itakavyohimili mafuta ya moto. Kuhusu kubadilisha pampu nzima, hilo sikulipangia nafasi: fanya hivyo ikiwa pampu inalia, inavuja kwenye shafti, au thredi za tundu la vali zimeharibika. Ukinunua pampu, uliza kwanza kama inakuja na vali, kwa maana nyingi huuzwa bila hiyo na fundi huishia kurudisha ile mbovu.

Utakapokuwa umefunga vali au boliti, jaza mafuta ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo au kwenye kitabu cha gari. Kwa Toyota nyingi za umri huu ni ATF ya Dexron. Inua magurudumu ya mbele, zungusha usukani kutoka mwisho hadi mwisho mara kadhaa injini ikiwa imezimwa, ongeza mafuta, kisha washa na urudie hadi povu liishe kwenye kikopo. Safisha au badilisha plagi zilizoloa. Moshi hautakoma papo hapo, kwa sababu mafuta yaliyokwisha kutuama kwenye manifoldi na eksozi bado yanapaswa kuungua, na injini inaweza kufuka kwa safari chache. Weka alama ya kalamu kwenye kikopo usawa wa mafuta yakiwa baridi: usawa ukibaki pale pale huku moshi ukififia, kilichokuwa kikiungua ni mabaki. Moshi ukiendelea ilhali usawa haushuki, hapo ndipo ringi na gasketi zinastahili kuchunguzwa.