Duka la baiskeli za umeme City Heights, San Diego: wanaokusomea sheria kabla ya bei

Hii ni baiskeli ya pili ya umeme ninayonunua tangu nihamie California, na ya kwanza ilinigharimu fedheha ambayo sitaisahau. Niliiagiza kwa intaneti kutoka kwa muuzaji ambaye sina haja ya kumtaja. Ilikuwa na mota ya wati 1,500, ilipita maili 30 kwa saa bila mtu kukanyaga pedali, na kwenye fremu yake hapakuwa na kibandiko chochote. Mwanangu wa miaka 16 aliposimamishwa nayo barabarani, askari aliikagua kwa muda mfupi, kisha akamweleza kwa upole kwamba kwa sheria za jimbo hili chombo kile ni pikipiki, na anayekiendesha hana budi kuwa na leseni ya pikipiki, usajili na bima. Mwanangu hakuwa na hata kimoja. Nilipoingia katika duka hili kutafuta ya pili, basi, jambo la kwanza nililouliza lilikuwa sheria.

Dada aliyenihudumia alichuchumaa kando ya baiskeli niliyoielekeza, akafuta vumbi kwa kidole gumba kwenye kibandiko kilicho chini ya siti, akanisomea: daraja la 2, maili 20 kwa saa, wati 500. Alinieleza kwamba tangu mwaka 2017 sheria ya California inamtaka mtengenezaji abandike maelezo hayo matatu mahali panapoonekana, na kwamba baiskeli isiyo nayo hawaipokei dukani. Kisha akainua gurudumu la nyuma, akasokota kishikio kama afanyavyo mwendesha bodaboda, nami nikaangalia namba kwenye skrini zikipanda hadi 20 na kukoma hapo.

Maelezo yake kuhusu madaraja yalikuwa bora kuliko yote niliyopata kusikia. Daraja la 1 na la 3 mota husaidia pale tu unapokanyaga, la 1 likiishia maili 20, yaani kilomita 32 kwa saa, na la 3 likiishia maili 28, yaani kilomita 45. Daraja la 2 ndilo pekee ambalo mota inaweza kukusukuma bila kukanyaga, nalo pia huishia maili 20. Mota ya daraja lolote haipaswi kuzidi wati 750. Zamani wauzaji wengi walikuwa wakiuza baiskeli za daraja la 3 zenye kishikio cha kusokota, lakini tangu tarehe 1 Januari 2025 sheria ya jimbo imeifunga njia hiyo waziwazi. Ndani ya mipaka hiyo huhitaji leseni, wala bima, wala namba ya usajili, jambo ambalo kwa mtu anayekwenda kazini alfajiri kabla mabasi hayajaanza ni msaada mkubwa.

Nilikuwa nimevutiwa na ya daraja la 3 kwa sababu ya kasi. Aliniuliza nani ataiendesha na atapita wapi. Nilipomwambia kwamba mwanangu na binti yangu wa miaka 14 wataitumia pia, na kwamba tunapenda kupita njia za baiskeli zilizotengwa na magari, alinishauri niiache, ingawa bei yake ilikuwa kubwa zaidi na yeye ndiye angefaidika. Daraja la 3 haliendeshwi na mtu aliye chini ya miaka 16, kila anayelipanda lazima avae helmeti hata akiwa mtu mzima, na njia zilizotengwa haliruhusiwi kupita isipokuwa mamlaka ya mahali imetoa ruhusa. Kwa madaraja mengine mawili helmeti ni lazima kwa walio chini ya miaka 18, ingawa mimi nimewaambia wangu kwamba nyumbani kwetu sheria hiyo haina umri.

Fundi wao, mzaliwa wa Bukavu, alinionyesha waya mwembamba karibu na betri. "Kaka, huu usiuguse," alisema, "hata vijana wakikuambia utaongeza mbio." Aliniambia kwamba kuongeza kasi bila kubadilisha kibandiko ni kosa, na baiskeli ikishavuka mipaka ya sheria huwa si baiskeli tena. Betri nayo ilikuwa na alama ya kupimwa na maabara, sharti ambalo California imeliweka kwa betri zinazouzwa kuanzia 2026 kwa sababu ya moto unaozuka majumbani wakati wa kuchaji.

Nina lawama mbili. Kwanza, matengenezo huchukua muda mrefu: kurekebisha breki ya mbele kuliniweka siku tisa bila usafiri. Pili, na hili ni zito zaidi, karatasi ya maelezo hayo ya madaraja wanayompa kila mteja ilikuwa na kichwa "Sheria za Marekani". Lakini sheria ya mwaka 2002 ya Kongresi, yaani bunge la Marekani, inahusu tu utengenezaji na uuzaji wa baiskeli hizi. Nani aziendeshe na wapi, kila jimbo huamua lenyewe. Nina ndugu anayepeleka vyakula kwa baiskeli Bronx, na kwa sheria za New York daraja la 3 ni baiskeli yenye kishikio cha kusokota inayofika maili 25, tena inaruhusiwa katika Jiji la New York tu. Angeifuata karatasi ile, angeelewa kinyume kabisa. Nilimweleza yule dada. Alinisikiliza hadi mwisho, akachukua kalamu, akakata neno "Marekani" kwenye karatasi yangu na kuandika "California" juu yake, kisha akavuta rundo lililokuwa mezani na kuendelea na nyingine.