Shimano Nexus ya gia tatu: habu ya kwendea kazini Mombasa

Wanawake wenzangu huniuliza buibui langu halinaswi vipi na cheni. Jibu liko ndani ya gurudumu la nyuma. Baiskeli yangu ni mtumba wa Japani, ile isiyo na bomba la juu, na gia zake tatu zimefungiwa ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, ya Shimano Nexus. Cheni haihami kushoto wala kulia, inakwenda mstari mmoja, ndiyo maana inaweza kufunikwa kwa bati kutoka mbele hadi nyuma. Nguo haiguswi na grisi, na mchanga wa Kisauni hauingii kwenye cheni ovyo ovyo. Hilo peke yake lilitosha kunitoa shilingi 11,000.

Kubwa zaidi lakini ni chumvi. Gia za nje, zenye ule mkono unaoning'inia, hazidumu pwani. Hewa ya bahari inakula springi, vigurudumu vidogo vinakaza, cheni inaanza kuruka. Habu ya ndani ina ganda lililoziba, na meno yake yote yamelala kwenye grisi. Usiielekezee tu mpira wa kuoshea magari, maana maji ya nguvu hupenya pembeni mwa ekseli.

Gia ya pili ni moja kwa moja: sproketi (kile kigurudumu cha meno cha nyuma kinachovutwa na cheni) ikizunguka mara moja, gurudumu nalo mara moja. Ya kwanza inashuka hadi asilimia 73, ya tatu inapanda hadi asilimia 136. Najua wako watakaokwambia utafute Nexus ya gia 8, ambayo gia yake nzito ni zaidi ya mara tatu ya ile nyepesi. Kwa Mombasa sioni haja. Kisiwa ni tambarare. Kinachotutoa jasho ni mwinuko wa daraja la Nyali na upepo wa kusi. Mwezi wa Julai kusi ikivuma pale juu darajani, natia ya kwanza na ninakwenda bila kusimama kwenye pedeli. Na ninachokipenda kuliko vyote: gia inabadilika hata baiskeli ikiwa imesimama. Pale Mwembe Tayari matatu inakukatia ghafla, unafunga breki ukiwa kwenye ya tatu, unazungusha kishikio cha gia kwenye usukani, unaondoka na ya kwanza. Gia za nje haziwezi hivyo.

Mruko kati ya gia na gia ni mkubwa, hilo nalisema wazi. Dawa yake ni sproketi. Yangu ilikuja na meno 16, fundi akaitoa kwa bisibisi (imeshikwa na pete tu) akatia ya meno 20, gia zote zikawa nyepesi zaidi. Sasa ya pili ndiyo ninayoitumia karibu njia nzima. Uzuri ni kwamba sproketi za Sturmey-Archer (kampuni nyingine ya habu za gia) zenye vishikio vitatu zinaingia hapohapo, kwa hiyo usikatae ukiletewa.

Tukitaja Sturmey-Archer, ukikuta Raleigh kuukuu yenye habu yao ya gia tatu iitwayo AW, ile iliyoanza kutengenezwa Nottingham mwaka 1936, ichukue bila wasiwasi. Mara nyingi mwaka wake umepigwa chapa kwenye ganda, na inafunguka ikasafishwa. Ila waya wake wa gia uwe sawasawa daima. Ukilegea, kati ya ya pili na ya tatu pedeli zinazunguka bure, na ukiwa umezisimamia utaanguka.

Vijana wa baiskeli za fiksi, ambazo pedeli hazipumziki gurudumu likizunguka, wana habu ya S3X ya hao hao Sturmey-Archer. Hiyo ina gia tatu na bado ni fiksi: ya juu ni moja kwa moja, nyingine zinashuka hadi asilimia 75 na 62.5. Niliipanda ya jirani yangu. Pedeli zina mchezo, yaani unasukuma nyuma na kabla haijashika kuna nafasi tupu. Anayependa fiksi kwa sababu ya ule mshiko wa papo hapo, hii itamuudhi. Kwa mtu wa kazini siipendekezi.

Ukienda kuchagua Nexus kwenye mitumba, inamisha uangalie upande wa kulia wa ekseli. Lazima pawe na kijiti chembamba cha chuma kinachoingia ndani, na kile kiboksi kinachokisukuma. Ndicho kinachobadilisha gia, na ndicho kinachopotea au kupinda baiskeli zikirundikwa kwenye kontena. Kisha tia gia ya pili: alama kwenye kidirisha cha kiboksi ikae katikati ya mistari miwili. Isipokaa, muuzaji akaze waya mbele yako. Nunua na spana namba 15 papo hapo, kwa sababu pancha ya nyuma inataka nati zote mbili zifunguliwe na kiboksi kitolewe kwanza. Fundi asiyeijua habu hii huvuta gurudumu na kukipinda kijiti. Msimamie.