Chujio la kutenganisha maji na petroli kwenye mashine ya boti: uzoefu wangu

Nimelitumia chujio hili kusi yote hadi kaskazi ikaingia, kwa hiyo ninalolisema hapa nimeliona baharini, si dukani. Ni lile linalofungwa kati ya tangi na mashine: juu kichwa cha alumini chenye matundu mawili ya hosi, chini yake mkebe wa chujio unaozungushwa kwa mkono, na chini kabisa bakuli la plastiki angavu lenye koki ndogo ya kumwagia. Linachuja hadi maikroni 10, yaani sehemu moja ya mia ya milimita. Boti yangu ni ya faiba, mashine ya nje ya nguvu ya farasi 40, stroki mbili (petroli yake huchanganywa na oili), ya kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa), ya kuvuta kamba. Inalala Tudor, Mombasa. Napeleka wageni kwenye hifadhi ya bahari huku Nyali na Bamburi, na wageni wasipokuwepo tunavua.

Ugonjwa ulionifanya nilitafute chujio wenye boti wengi wanaujua. Asubuhi mashine inawaka kwa mvuto wa kwanza. Inapita chini ya daraja la Nyali vizuri, inapita Bandari ya Kale, inapita Fort Jesus, na sauti yake huna la kulalamikia. Ukishatoka nje, pale maji yanapokupwa yakakutana na mawimbi ya kusi, inaanza kukohoa, inapoteza nguvu, inazima. Vuta kamba mpaka mkono uume, haiwaki. Ikae kidogo, inawaka kama haikuwa na lolote, inakwenda mwendo mfupi, inazima tena. Na pale si mahali pa kuzimiwa na mashine, kwa sababu upepo unakusukuma kwenye mwamba huku umebeba watu wenye watoto.

Fundi wa kwanza alibadilisha plagi, tatizo likabaki, akabadilisha koili inayoipa plagi umeme wa cheche, tatizo likabaki. Sitamlaumu kwa kuanzia kwenye umeme, maana koili inayokufa ina tabia hiyohiyo: inafanya kazi ikiwa baridi, ikipata moto cheche inapotea, ikipoa inarudi. Lakini cheche yangu ilikuwa ya buluu na yenye nguvu hata mashine ikiwa ya moto, na hilo lingetosha kumwelekeza kwenye mafuta kabla sijalipia koili.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa Bandari ya Kale ambaye ametengeneza mashine za boti tangu ujana wake. Hakushika spana. Aliniuliza kwanza inazimaje. Nikamwambia inakohoa. "Mwanangu," akasema, "ikikatika ghafla tafuta umeme. Ikikohoa kabla ya kufa, ina njaa au imenyweshwa maji." Akalegeza skrubu ya chini ya kabureta, akakinga kwa chupa ndogo ya kioo, akaiweka kivulini tukasubiri. Juu ikakaa petroli yenye rangi ya buluu ya oili tuliyochanganya. Chini yakakaa maji meupe, na mstari baina yao ulionekana wazi kabisa. Petroli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo maji hukaa chini ya tangi, hapohapo bomba linapofyonza. Bandarini maji yametulia pale chini na mashine inapata petroli safi. Nje mawimbi yanalitikisa tangi, maji yanachanganyika na petroli, yanafyonzwa, yanajaa kwenye jeti, kile kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli. Ukikaa ukasubiri yanatulia tena, ndiyo maana mashine ilikuwa ikiwaka baada ya kupumzika.

Yaliingilia wapi? Mpira wa kifuniko cha tangi ulikuwa umepasuka kwa jua, na kila rasharasha ya wimbi iliyotua pale juu ilipata njia. Tukaweka mpira mpya, tukamwaga tangi lote, tukalikausha. Mzee akaniambia nifunge chujio la bakuli, kwa sababu maji yana njia nyingi za kuingia: tangi lililoachwa nusu usiku hutoa umande ndani yake, na madumu tunayobebea petroli hayana usafi wa kuaminika.

Kulifunga si kazi kubwa. Unalifunga kwa boliti mahali pa juu pasipofikiwa na maji ya chini ya boti, na penye nafasi ya kuutoa mkebe bila kugonga kitu. Mpangilio ni tangi, chujio, mpira wa kuminya (ule wa kusukuma petroli kwa mkono), kisha mashine, na mshale ulio kwenye mpira uelekee mashine. Angalia mshale wa kichwa cha chujio pia, una upande wa kuingia na wa kutoka. Tumia hosi ya petroli yenye tundu sawa na ile ya zamani, na klipu za chuma kisichoshika kutu, hizi za kawaida zinaliwa na chumvi upesi sana. Paka oili kidogo kwenye mpira wa mkebe, kaza kwa mkono, usitie spana. Mara ya kwanza utaminya sana kabla mpira haujawa mgumu, maana mkebe mzima lazima ujae kwanza.

Ninachokipenda zaidi ni bakuli. Kabla ya kung'oa nanga naliinamia kwa tochi na kuangalia chini. Katikati ya kusi, baada ya safari yenye mawimbi, nililikuta na maji ya kina cha ukucha, yakiwa yamejitenga, na chembe nyeusi za kutu zimelala juu ya plastiki. Nikafungua koki, nikakinga kwenye kopo, nikafunga, nikaminya mpira, tukaondoka. Maji yale yangefika kwenye kabureta siku hiyohiyo. Tangu lifungwe, mashine haijanizimikia kule nje.

Pia limenirahisishia kutafuta tatizo, na hapa naomba wenye boti wanisikilize. Mashine ikizima karibu na mwamba, shusha nanga kabla hujagusa kamba ya mashine. Halafu angalia kamba nyekundu ya kuzimia, huenda klipu imechomoka mtu alipopita, na uhakikishe gia iko katikati. Kisha legeza skrubu ya hewa kwenye kifuniko cha tangi. Ikiwa imefungwa, mashine inafyonza mpaka tangi linakuwa halina hewa na petroli haiji tena, na dalili yake ni mpira wa kuminya kunywea. Mpira ukikataa kuwa mgumu hata uminye vipi, kuna mahali hosi inavuta hewa, au vali za ndani ya mpira zimekufa. Mpira ukiwa mgumu na bakuli likiwa safi, mafuta yamefika, sasa ndiyo ufungue plagi. Plagi kavu inakuambia kabureta imeziba. Plagi iliyolowa inakuambia cheche ni dhaifu au umevuta choki, ile ya kupunguza hewa wakati wa kuwasha, kupita kiasi: rudisha choki, zungusha mkono wa mafuta hadi mwisho, vuta. Na ikiwa mashine inafifia, lakini mwenzako akiminya mpira inapata nguvu, utando wa pampu ya mafuta umechoka, au hewa inaingia mahali. Cheche nakushauri uipime ukiwa ufukweni, mbali na mvuke wa petroli, na plagi iguse chuma cha mashine.

Joto ni habari nyingine na chujio halitakusaidia. Mashine isipokojoa maji yake ya kupoza, izime mara moja. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya 2017, lakini masika yakinyesha bado mkono wa bahari wa Tudor unateremsha nailoni za kila namna, na moja ikifunika matundu ya kunyonyea maji ya kupoza inatosha kuharibu pistoni.

Sasa kasoro zake. Ya kwanza, linaongeza maungio kwenye njia ya mafuta, na kila ungio ni mahali hewa inapoweza kuingia. Klipu moja ikilegea, unapata ugonjwa uleule uliokuwa unaukimbia. Mimi nazigusa zote kwa vidole kila Jumapili. Ya pili, koki ya bakuli ina mpira mwembamba mno. Wangu ulianza kudondosha petroli tone kwa tone, na petroli iliyotuama chini ya boti ni hatari kubwa, basi nikaubadilisha na nimeweka wa akiba. Ya tatu, plastiki inafifia kwa jua na kuwa ya manjano. Nimelishonea kifuniko cha turubai kinachofunuliwa ninapotaka kuangalia. Ya nne, lina ukomo. Ukimimina petroli iliyojaa maji, bakuli litajaa na maji yatapita juu. Halikuondolei kazi ya kusafisha tangi.

Na kuna onyo ambalo muuzaji wangu hakunipa, nami naona ni lazima litolewe: bakuli la plastiki ni la mashine za nje. Boti yenye injini ya petroli iliyofunikwa ndani isifungwe bakuli la namna hii, kwa sababu moto ukitokea plastiki itayeyuka na kumwaga petroli yote juu yake. Huko huwekwa la chuma.

Kwa bei, seti nzima haikufika gharama ya koili niliyobadilishiwa bila sababu. Mkebe hubadilishwa kila saa 100 au mara moja kwa mwaka, na kwa petroli yetu ya madumu mimi sisubiri zifike. Kabla hujanunua, muulize muuzaji kama mikebe peke yake anayo dukani na si seti nzima tu, kwa sababu nimeona watu wakinunua aina ambayo mkebe wake haupatikani Mombasa, wakaishia kulitoa. Vilevile pima uzi wa skrubu wa mkebe na wa kichwa palepale dukani, kwa mkono wako.

Chujio hili nalipatia nyota nne kati ya tano. Moja nimeizuia kwa sababu ya ule mpira wa koki. Kwenye boksi la vifaa sasa nabeba mkebe mmoja wa akiba, mpira wa koki, klipu nne, plagi mbili, na chupa ndogo ya kioo ya kupimia mafuta ninayonunua.