Taa ya Streamlight TLR-7A: inafaa kwa ulinzi wa nyumba?

Kwa mkazi wa Mombasa anayemiliki bastola kwa cheti halali chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, taa hii ya kufungwa kwenye bastola, yenye mwanga wa lumeni 500 (lumeni ni kipimo cha mwanga), inayotumia betri moja ya CR123A na kuwaka kwa takriban saa moja na nusu, ni kifaa kizuri chenye hatari isiyopaswa kupuuzwa. Taa iliyofungwa chini ya mtutu humulika kule kule mtutu unakoelekea; hivyo anayeitumia kutafuta chanzo cha kishindo umeme ukiwa umekatika anaweza kumwelekezea silaha mwanawe aliyeamka kwenda msalani. Ndiyo maana nasisitiza kwamba tochi ya mkononi iwekwe karibu na kitanda, nayo ndiyo itumike kutafuta na kutambua, huku taa ya bastola ikingoja wakati ambapo tishio limekwisha kuthibitika. Swichi zake hufikiwa kwa kidole bila kulegeza mshiko, jambo lililonipendeza sana. Hewa yetu ya chumvi hushambulia metali, kwa hiyo sehemu zinazogusana na betri zikaguliwe mara kwa mara. Gharama ya ala mpya, yaani mfuko wa kubebea bastola, nayo ihesabiwe, kwani bastola yenye taa haitaingia katika ala ya zamani.