Qubit dsDNA HS kwa DNA ya mzabibu: rangi nzuri, ila joto la Dodoma lizingatiwe

Anayetoa DNA kwenye majani ya mzabibu kwa njia ya CTAB (kemikali aina ya sabuni inayopasua seli) anaijua adha yake: spektrofotomita inaonyesha namba kubwa, kisha PCR, yaani kuzidisha nakala za DNA, inagoma. Kifaa hicho huhesabu kila kinachofyonza mwanga wa nanomita 260, ikiwemo RNA iliyobaki, nukleotidi na polifenoli, ambazo mzabibu unazo tele. Rangi ya Qubit dsDNA HS, seti yenye unyeti mkubwa (HS) ya kupima kiasi cha DNA ya nyuzi mbili (dsDNA), haidanganyiki kirahisi hivyo. Ikiwa peke yake haing'ai kwa kiasi cha maana. Ikishika DNA ya nyuzi mbili ndipo inapowaka kijani, na mashine ya Qubit husoma ukali wa mng'ao huo. Kwa mkoa wenye kituo cha utafiti wa zabibu, TARI Makutupora, na maabara za Chuo Kikuu cha Dodoma, hiki ndicho kipimo cha DNA tunachokipendekeza kwanza.

Matumizi yenyewe ni mepesi. Kwa sampuli 10 na stendadi 2 (DNA ya kiasi kinachojulikana, ya kulinganishia), andaa mchanganyiko wa tyubu 13 ili usipungukiwe: maikrolita 13 za rangi ndani ya maikrolita 2,587 za bafa, kwenye chombo cha plastiki, kwa kuwa rangi hunata kwenye kioo. Tyubu za stendadi zipate maikrolita 190 za mchanganyiko na 10 za stendadi. Za sampuli zipate 198 na 2 za DNA. Maelekezo yanaruhusu hata maikrolita 1 ya sampuli, lakini DNA ya CTAB huwa nzito na inavutika, na pipeti hukosea sana kwenye kiasi kidogo namna hiyo. Tikisa kwa votexi sekunde 2 hadi 3 bila kufanya mapovu, subiri dakika 2, soma.

Kinachoharibu kazi hapa kwetu ni joto. Kipimo kimekusudiwa nyuzi 22 hadi 28 za Selsiasi, na mng'ao hupungua kadiri joto linavyopanda. Mchana wa Oktoba na Novemba, chumba kisicho na kiyoyozi hupita kiwango hicho. Baya zaidi ni stendadi kutoka friji zikiwa baridi huku sampuli zimekaa karibu na dirisha: hapo ulinganisho mzima unapotoka. Ziache zote zifikie joto la chumba, na usishike tyubu kiganjani kabla ya kuisoma, maana namba itashuka. Ukitaka kusoma tena tyubu ileile, itoe kwanza nje ya mashine kwa sekunde 30.

Juni na Julai shida hugeuka. Rangi imeyeyushwa katika DMSO, kiyeyushi cha kimiminika kinachoganda kwenye nyuzi zipatazo 18, kwa hiyo asubuhi ya baridi inaweza kukutwa imeganda kabatini. Haijaharibika, iache iyeyuke yote, itikise, izungushe kidogo kwenye sentrifuji. Ukiichota ikiwa nusu imeganda, mchanganyiko hautakuwa sawa. Vaa glavu za nitrili, kwani DMSO hupenyeza vitu kwenye ngozi.

Kikomo cha juu ni takriban nanogramu 100 kwa tyubu. Ukiweka maikrolita 2, sampuli inayozidi nanogramu 50 kwa maikrolita itakuwa nje ya kipimo: izimue mara 10, au nunua seti ya BR, ya viwango vikubwa zaidi vya DNA. Na usiitupe spektrofotomita. Qubit haisemi lolote kuhusu usafi wala kama DNA imekatikakatika, hivyo uwiano wa 260/230 (mwanga unaofyonzwa kwenye nanomita hizo mbili, kipimo cha usafi) na jeli ya agarosi ya asilimia 1, inayoonyesha ukubwa wa vipande, bado vinahitajika.

Kwa usafirishaji kutoka Dar es Salaam seti hii haina usumbufu mkubwa: rangi na bafa hukaa joto la kawaida gizani, stendadi tu ndizo za friji ya nyuzi 4. Toleo la 1X huja limeshachanganywa na hupunguza makosa ya pipeti, ila lote linataka friji. Maabara yenye sampuli chache ichukue pakiti ya vipimo 100, na iagize papo hapo tyubu za mililita 0.5 zenye kuta nyembamba na angavu. Tyubu za PCR za mililita 0.2 hazikai kwenye mashine hiyo.