Uzoefu wangu wa soko la Akre, Kurdistani ya Iraq: nenda Oktoba, fika asubuhi

Picha za Akre zinazozunguka mitandaoni karibu zote ni za usiku mmoja: tarehe 20 Machi, mkesha wa Newroz, mwaka mpya wa Wakurdi, watu wanapopanda mlima na mienge hadi ubavu mzima unawaka. Ni jambo la kuonwa, sibishi. Lakini usiku ule soko hulioni. Barabara hufungwa, magari huachwa mbali, vyumba huwa vimeshachukuliwa, na maduka ya mchele na jibini yamefunikwa na umati. Ukienda hata hivyo, vaa nguo ya pamba na viatu vya kufunika vidole, maana fataki na cheche za mienge hazichagui.

Mimi naisifu Akre kwa jambo jingine. Ni mji wa soko, ulioegemea mlima, mahali ambapo wakulima wa tambarare na wafugaji wa milimani hukutana kuuziana. Anayetaka kuuona hivyo aende katikati ya Oktoba, siku ya kazi, awe sokoni kabla ya saa tatu asubuhi. Ijumaa asiende: maduka mengi hufungwa, na machache yanayofungua huanza baada ya swala. Julai na Agosti joto hupita nyuzi 40, wauzaji hufunga mchana na kurudi jioni. Mwezi wa Ramadhani migahawa hulala mchana na soko huchangamka baada ya futari. (Saa zote humu ni za Kiswahili. Dereva wa Kikurdi huhesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo tisa yake ya asubuhi ndiyo tatu yetu. Wekeni miadi kwa kuoneshana saa ya simu.)

Kufika si kugumu. Msafiri kutoka Afrika Mashariki kwa kawaida hupitia Dubai, Doha au Istanbul hadi Erbil, mji ambao Wakurdi wenyewe huuita Hewlêr. Ukiwa stendi wakati wa kurudi, jina litakalopigiwa kelele ni hilo la pili. Stendi huitwa garaji. Teksi za kuchangia huuza viti vinne na haziondoki mpaka vijae. Ukiona zimebaki nafasi mbili na jua linapanda, lipia hizo mbili uondoke, kwani asubuhi ndiyo bidhaa unayoifuata. Nauli muulize abiria mwenzako kabla ya kumuuliza dereva. Kiti cha mbele ndicho chenye nafasi. Msafiri mwanamke akipanda, dereva mara nyingi huwapanga abiria upya ili asibanwe katikati ya wanaume, na hilo hufanywa bila maneno mengi. Safari huvuka mto Zab Mkubwa na huchukua kama saa moja na nusu hadi mbili, kutegemea vizuizi vya ukaguzi.

Kwenye vizuizi hivyo, pasipoti iwe mkononi, si ndani ya begi lililo kwenye buti. Chapisha visa kwenye karatasi, kwa sababu askari hapendi kupekua simu yako akiwa na foleni nyuma. Waafrika wengi wanaoishi Kurdistani wako kikazi, kwa hiyo ukiulizwa iqama, yaani kadi ya ukazi, usishtuke: onesha visa ya matembezi na karatasi ya hoteli. Usipige picha hapo kamwe. Soma pia visa yako imetolewa na nani. Ile ya serikali ya Kurdistani (eneo hili la Iraq lenye utawala wake) peke yake haikuruhusu kuingia Mosul, Kirkuk wala Baghdad, na njia nyingine fupi za kwenye ramani ya simu hupita upande huo. Ukitoka Duhok kwenda Erbil, au Erbil kwenda Sulaymaniyah, mwambie dereva mapema kwamba unataka njia ya ndani. Kwa Sulaymaniyah, hiyo ni ile ya Koya na Dukan.

Sasa pesa, ambako wageni wengi hukwama. Kadi ya benki ya nje isahau ukiwa Akre. Beba dola za Marekani na uzibadili Erbil, kiasi cha siku chache tu kwa mara. Noti ya 100 ndiyo inayopata bei nzuri, na bei kwenye kibao cha mbadilishaji ni ya hiyo 100 nzima, si ya dola moja. Ikiandikwa 145,000, maana yake dinari 145,000 kwa dola 100. Tangu Februari 2023 bei rasmi ni kama dinari 1,300 kwa dola, ila ya mtaani huwa juu ya hapo. Noti iliyochanika, iliyoandikwa kwa kalamu au ya toleo la zamani hukataliwa au hukatwa thamani, kwa hiyo zichague ukiwa bado nyumbani. Na ukisikia mtu anataja “waraqa” moja, usidhani ni karatasi: ni dola 100.

Ukishapata dinari, omba zivunjwe. Muuza mboga wa kijijini hana chenji ya 25,000 saa mbili asubuhi. Nenda na noti za 1,000 na 5,000, pamoja na vile vidogo vya 250 na 500 vya chai na mkate.

Bei nyingi sokoni zimeandikwa kwa tarakimu za Kiarabu cha Mashariki, zilezile zinazopatikana kwenye misahafu. Aliyesoma madrasa pwani yetu hana shida hapa. Asiyezijua akariri tatu tu kwanza: kiduara ni 5, nukta ndiyo sifuri, na kinachofanana na 7 ni 6. Kosa la kawaida ni kuona kiduara kikifuatwa na nukta tatu ukadhani ni sifuri tupu, kumbe ni 5,000. Kwenye noti huna haja ya kubahatisha, maana upande wa pili umeandikwa kwa tarakimu tunazozitumia sisi.

Soko lenyewe linaanzia chini, mahali mji unapokuwa tambarare, kisha vichochoro vinapanda kuelekea nyumba za zamani. Bidhaa ya kwanza kuitafuta ni mchele. Mchele wa Akre una jina Kurdistani nzima, na mavuno yake huanza vuli, ndiyo sababu naitetea Oktoba. Ni mfupi, mnene, na ukiiva hushikana. Anayetaka pilau ya kuchambuka punje moja moja atasikitika. Anayepika mchele wa kuliwa na mchuzi mzito, au wa kujaza dolma (mboga na majani ya mzabibu yaliyojazwa wali), atafurahi. Uliza kama ni wa mwaka huu. Mchele mpya una unyevu zaidi, kwa hiyo unahitaji maji pungufu. Ukiupimia maji kama wa dukani wa siku zote unapata bokoboko. Uchague kwenye ungo kabla ya kuuosha, maana vijiwe vimo. Kilo mbili zinatosha kujaribu, na uufunge mara mbili kwa mifuko kabla ya kuuweka begini.

Sumac, kiungo kichachu cha chakula, nunua nzima, yale matunda madogo mekundu yaliyokaushwa, usinunue unga. Unga huchanganywa na chumvi, na nyingine hutiwa rangi. Weka punje moja ulimini: uchachu ukija mara moja na kubaki, ni nzuri. Ikiwa chumvi ndiyo inatangulia, pita. Jozi (zile njugu ziitwazo walnut) zikiwa na maganda, mwombe muuzaji apasue moja. Kiini kiwe cheupe ndani na kisinuke mafuta yaliyolala. Komamanga ziko tele kuanzia Septemba. Chukua nzito yenye ganda lililobanana na pembe pembe kidogo, kwani ya mviringo laini sana mara nyingi haijajaa. Ukienda majira ya kuchipua badala ya vuli, Aprili na Mei, tafuta rewas, mmea wa porini wa milimani wenye shina chachu. Humenywa na kuliwa mbichi kwa chumvi. Majani yake yana sumu, yatupe.

Jibini ni suala la afya, na hapa nitakuwa mkali. Jibini laini jeupe la kondoo na mbuzi linalouzwa kwenye ndoo kwa kawaida ni la maziwa yasiyochemshwa, na brusela, ugonjwa unaotokana na mifugo, ipo Iraq. Homa yake huja wiki kadhaa baadaye, ukiwa umesharudi Nairobi au Dar, na daktari hatafikiria kuuliza ulikula nini milimani. Chukua lililokomaa muda mrefu kwenye chumvi, na muulize muuzaji limekaa miezi mingapi. Kuna pia jaji, jibini la kuchanganywa na majani ya porini, lenye harufu kali na ladha ambayo sijaipata kwingine. Mtindi, wanaouita mast, hutengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa, na ndio ninaoupendekeza bila wasiwasi kama chombo ni safi. Wanaoishi Ulaya wasinunue jibini wala nyama ya kubeba: nchi za Umoja wa Ulaya huvizuia mpakani.

Asali ya mlimani ni ghali na hughushiwa kwa sukari. Muuzaji ataidondosha kwenye maji au ataiwasha kwa kiberiti kukuthibitishia. Vipimo hivyo havithibitishi lolote, kwani sukari iliyopikwa vizuri hufaulu vilevile. Nunua kidogo, kwa muuzaji anayeweza kukutajia kijiji na majira, na iweke kwenye begi la chini la ndege, maana zaidi ya mililita 100 haipiti mkononi.

Kwenye vitambaa, ulizia shal u shapik, nguo ya kiume ya milima ya Badinan, yaani eneo hili la Akre na Duhok, inayofumwa kwa manyoya ya mbuzi. Kitambaa cha mkono hufumwa kwa vipande vyembamba kisha huunganishwa. Pindua upande wa ndani uone maungio. Kipande kipana kisicho na maungio kimetoka kiwandani, na bei yake isifanane na ya kwanza. Hapa ndipo pa kubembelezana bei. Kwenye mkate, chai na mboga bei hazishushwi, na kuzibishania ni kumvunjia mtu heshima.

Lugha ya hapo ni Kikurdi cha Badini, tawi la Kurmanji, moja ya lahaja kuu za Kikurdi. Mwanamume aliyekuzidi umri mwite “kak” au “kaka”, na maana ni kama yetu kabisa. “Bi çend e?” ni kuuliza bei, hezar ni elfu, sipas ni asante. Ukiambiwa “ser çava”, umekaribishwa juu ya macho ya mtu. Maneno dukan, sabun, çay na bamya hayahitaji tafsiri kwa Mswahili. Muuzaji akikwambia usilipe, ni adabu. Weka pesa mezani, rudia mara ya pili na ya tatu, naye atapokea.

Kula mchana, kati ya saa sita na saa nane. Ndipo vyungu vinapokuwa vimejaa: wali, bamia, maharage, nyama ya kondoo. Saladi, mkate na supu mara nyingi huletwa bila kuagizwa, ndani ya bei ileile. Saa kumi ukifika unabaki na kebabu na falafeli. Nyumba za chai ni za wanaume kwa mazoea. Mwanamke hafukuzwi, ila atakuwa peke yake na macho yote yatakuwa kwake. Kwenye migahawa kuna sehemu ya familia, mara nyingi ghorofani, na huko kuna utulivu. Choo ni cha kuchuchumaa, karatasi beba mwenyewe.

Baada ya chakula, panda mji wa zamani. Nyumba zimepangwa ngazi kwa ngazi, paa la mmoja likiwa kama ua wa wa juu yake, hivyo mahali panapoonekana kama kibaraza cha kupigia picha huenda ni nyumba ya mtu. Bisha hodi kwa sauti. Mawe ya ngazi huteleza baada ya mvua. Viatu vyenye soli iliyolika viache hotelini. Chupa ya maji moja kwa kila mtu, maana juu hakuna duka. Takataka za plastiki kwenye mifereji zinaudhi, na vibao vya kuelekeza ni haba.

Kurudi ndiko kunakowaangusha wengi. Baada ya alasiri abiria wa kwenda Hewlêr hupungua, gari halijai, na unajikuta ukilipia viti vyote vinne. Uwe garajini saa tisa na nusu. Ukitaka kulala, piga simu hotelini kabla ya kuondoka Erbil. Vyumba ni vichache, na siku ambayo kuna harusi kubwa mjini huisha vyote.