Mwinamo wa meno ya mbele kwenye eksirei: penseli au programu?

Kabla ya kunyoosha meno, mwinamo hupimwa kwenye eksirei ya kichwa iliyopigwa kwa upande, kwa kuchora kwa penseli au kwa programu ya kompyuta. Kosa kubwa linazikumba njia zote mbili: ncha ya mzizi wa jino la mbele la juu hufichwa na mizizi ya jirani. Jino hilo lina urefu wa karibu milimita 23, hivyo ukikosea ncha kwa milimita 1 tu, pembe hupotoka takriban digrii 2.5. Programu haikuokoi hapo, ingawa kukuza picha husaidia.

Kwa gharama, penseli hushinda. Karatasi ya kunakilia, kipimapembe na sanduku la taa vinatosha. Umeme ukikatika, dirisha linafaa. Ila kila mstari unaochorwa huongeza kosa lake.

Programu ina kasi: weka alama za S (katikati ya kishimo cha mfupa chini ya ubongo), N (mfupa wa paji unapokutana na wa pua), ukingo wa jino na ncha, nayo hukokotoa pembe. Inadai kompyuta, pengine leseni, na kipimo kisawazishwe kwa rula iliyo pichani. Usiposawazisha, digrii hubaki sahihi, lakini milimita 4 za Steiner, yaani umbali wa kawaida wa jino la mbele la juu kutoka mstari wa NA (toka N hadi nukta A, penye mbonyeo wa mbele wa mfupa wa taya la juu), hazina maana tena.

Kliniki yenye filamu na wagonjwa wachache ibaki na penseli. Mwenye picha za kidijitali kila siku achukue programu, na akague mwenyewe kila ncha iliyowekwa kiotomatiki kabla ya kuamua kung'oa jino.